Chembe nyeupe zimeshuka: namna ya kusoma majibu ya damu na kumuuguza mgonjwa wa dengue

"Dokta, hii L hapa maana yake nini?"

Hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo kwenye dirisha la maabara, hasa miezi ya mvua hapa Dar es Salaam, homa zinapopamba moto. Mimi ni mteknolojia wa maabara, si daktari, ila kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Mara ya mwisho aliyeuliza alikuwa mama wa makamo, ameshika karatasi ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, ya mwanawe kwa mikono miwili. Kidole kilikuwa kwenye mstari wa kwanza, wa chembe nyeupe: WBC 2.4, na pembeni yake L, herufi ambayo mashine huiweka namba ikiwa chini ya kiwango. Alitaka kujua kama ni saratani ya damu au ni ukimwi. Mistari ya HCT (ukolezi wa damu) na PLT (chembe sahani), iliyo chini zaidi, hakuitazama kabisa, na siku ile habari yenyewe ilikuwa huko. Kijana alikuwa na dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na ilikuwa siku ya nne ya homa.

Chembe nyeupe zikishuka katika homa ya virusi, zinakuambia ugonjwa umefika wapi. Kama mgonjwa yuko hatarini au hayuko, hilo unalitafuta kwingine: kwenye ukolezi wa damu, kwenye mkojo, kwenye tumbo, na zaidi ya yote kwenye zile saa homa inapoanza kushuka. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunahangaika na namba ya chembe nyeupe homa ikiwa juu, kisha homa ikishuka tunamshukuru Mungu na kulala usingizi, kumbe ndio wakati wa kukesha.

Nimechagua dengue kwa sababu imeshatupiga mara nyingi. Dar es Salaam tuliiona mwaka 2010, ikarudi 2014, na 2019 ikaenea hadi Tanga. Mombasa nao waliipata 2013. Kwa Kiswahili inaitwa kidingapopo, na jina hilo lina historia: mwaka 1870 homa kubwa iliikumba Zanzibar, na daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi huko aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wengi wanaoamini kuwa neno dengue lenyewe limetokana na hapo, ingawa ugonjwa wa mwaka ule huenda ulikuwa chikungunya, homa nyingine ya virusi inayofanana nayo. Tuingie kwenye kazi.

Hatua ya 1: Andika siku ya homa

Chukua kalamu uandike kwenye kalenda ya ukutani au nyuma ya daftari la kliniki. Siku ya kwanza ni siku mwili ulipoanza kuchemka, si siku mliyokwenda hospitali. Watu hukosea hapa. Mgonjwa anasema "tangu juzi", ukimhoji vizuri unakuta alikuwa anameza panadol tangu Jumamosi.

Tarehe hiyo ina kazi kubwa kwa sababu dengue hutembea kwa saa yake. Homa hudumu siku 2 hadi 7. Kipindi cha hatari mara nyingi huangukia kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, na huchukua saa 24 hadi 48. Mtu asiyejua yuko siku ya ngapi hawezi kusoma majibu ya damu yakamsaidia.

Hatua ya 2: Pima malaria, halafu omba FBP

Malaria ipimwe kwanza, kila mara, hata kama mtaa mzima una dengue. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili, na malaria ikiachwa huua haraka. Kipimo kikisema hakuna malaria, usikubali kuandikiwa dawa ya malaria "kwa tahadhari", wala usirukie taifodi kwa sababu tu kipimo cha Widal kimeonyesha kitu. Widal hudanganya sana katika nchi zetu. Taifodi ya kweli huthibitishwa kwa kuotesha damu.

Kama kituo kina kipimo cha dengue, kile cha NS1, kinachotafuta protini ya kirusi chenyewe, hufaa siku 5 za kwanza. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili za IgM. Kama hakipo, FBP inaweza kusema mengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaweka kushuka kwa chembe nyeupe miongoni mwa dalili zinazomfanya mtu mwenye homa ashukiwe kuwa na dengue, pamoja na maumivu ya mwili, kichefuchefu na vipele. Mgonjwa mwenyewe atakuambia macho yanauma kwa nyuma na viungo vinauma kama amepigwa.

Kuna pia kipimo cha zamani kisichohitaji mashine. Muuguzi hufunga mkanda wa presha mkononi, akaujaza hadi katikati ya namba ya juu na ya chini, akauacha dakika 5. Akiufungua, tazama ngozi chini ya kiwiko kwenye mwanga mzuri: vidoti vyekundu vidogo kama ncha ya pini, visivyofutika ukivibonyeza. Vikiwa 10 au zaidi ndani ya mraba wa inchi moja, mishipa midogo imedhoofika. Kwa ngozi nyeusi sana vidoti hivi ni vigumu kuonekana, kwa hiyo visipoonekana usiseme hakuna dengue.

Neno kuhusu damu yenyewe, maana hapa ndipo kwangu. Damu ya FBP huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ndani yake mna dawa ya kuzuia isigande. Kichupa kinapaswa kupinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia. Kisipopinduliwa, damu huganda vipande vipande, na mashine huhesabu chembe sahani chache kuliko zilizopo. Vilevile mpira ukifungwa mkononi kwa muda mrefu wakati mshipa unatafutwa, hematokriti, ile HCT, hupanda kwa uongo. Majibu yakishangaza na mgonjwa haonekani hivyo, omba damu ichukuliwe upya. Si ukorofi, ni haki yako.

Hatua ya 3: Soma mistari minne tu

Karatasi ina mistari zaidi ya ishirini. Tafuta minne: WBC, NEU, HCT na PLT.

WBC ni jumla ya chembe nyeupe. Kiwango kinachochapishwa ni kama 4 hadi 11, yaani chembe 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita ya damu. Kwa hiyo 2.4 ni chembe 2,400. Katika dengue hushuka kuanzia siku ya 3 hivi, kwa sababu kirusi hupunguza kasi ya uboho unaozitengeneza, na zile zilizopo nyingine huhama kwenye damu kwenda kwenye viungo vinavyopigana. Askari wametoka kambini. Kambi kuwa tupu si lazima jeshi limeshindwa.

Kabla hujaogopa, uliza: kawaida ya mtu huyu ni ngapi? Waafrika wengi hatuna alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu zetu. Kuikosa kunatukinga na malaria ya aina ya vivax, na papo hapo kunafanya neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zinazozunguka kwenye damu yetu ziwe chache, bila ugonjwa wowote. Viwango vilivyomo kwenye mashine nyingi vilipangwa kwa damu za watu wa Ulaya na Marekani. Mtu mzima mwenye afya tele hapa kwetu anaweza kuishi na WBC ya 3.5 maisha yake yote, na kila akipimwa anatiwa hofu na herufi L. Ndiyo maana karatasi ya zamani, hata ile ya kliniki ya wajawazito ya mwaka juzi, ni mali. Itunze.

NEU ni neutrofili, zile zinazopigana na bakteria. Soma idadi, usisome asilimia. Kama WBC ni 2.4 na neutrofili ni asilimia 40, zidisha: 2.4 mara 0.40 ni 0.96, yaani 960. Chini ya 1.5 huhesabiwa kuwa pungufu, chini ya 0.5 ni hatari ya kweli, na nitairudia baadaye. Katika dengue neutrofili hupungua, limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikaonekana nyingi kwa asilimia. Kwenye darubini huzioni zikiwa za kawaida: zimenenepa, pembezoni zina buluu iliyokolea, na zimezikumbatia chembe nyekundu za jirani. Nikiziona nyingi hivyo kwa mtu asiye na malaria, huwa nampigia daktari bila kusubiri.

HCT, hematokriti, ni sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Iliyobaki karibu yote ni maji ya damu, plazma. Huu ndio mstari wa kutazamwa kuliko yote. Ubaya wa dengue ni kwamba mishipa midogo huanza kuvuja. Plazma hutoka ikaingia tumboni na kifuani, chembe nyekundu zikabaki ndani ya mshipa. Damu inakuwa nzito kama mchuzi uliokaukiwa jikoni, na HCT inapanda. Ikipanda kwa asilimia 20 ya kawaida ya mgonjwa mwenyewe, plazma nyingi imeshavuja.

Zingatia hayo maneno, kawaida ya mgonjwa mwenyewe. Mama mwenye upungufu wa damu ambaye HCT yake ya siku zote ni 30, ukimkuta na 37 mashine haitaweka alama yoyote. Karatasi itaonekana safi. Lakini amepanda kwa zaidi ya asilimia 20 na yuko matatani.

PLT ni chembe sahani, zinazogandisha damu panapokatika. Kawaida ni 150 na kuendelea, yaani 150,000. Zitashuka, na watu huanza kutafuta mtu wa kutoa damu. Namba kuwa ndogo peke yake, bila mgonjwa kutoka damu, kwa kawaida si sababu ya kuongezewa chembe sahani. Kinachotisha ni PLT kuporomoka haraka huku HCT ikipanda.

Hatua ya 4: Rudia kipimo, maana namba moja haitoshi

Binti wa dada yangu, ambaye ananiita mama mdogo, aliugua akiwa na miaka 19. Daftari lake ninalo. Siku ya 2 ya homa: WBC 4.6, HCT 36, PLT 188. Siku ya 4: WBC 2.3, HCT 38, PLT 121. Siku ya 5 asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Alioga, akaomba chipsi. Kliniki tuliyoanzia walimpima joto tu, wakamwambia ameshapona, arudi nyumbani.

Jioni ile akalalamika tumbo. Nikamchukua damu. WBC 2.9, HCT 44, PLT 61.

Tazama hapo vizuri. Chembe nyeupe zilikuwa zimeanza kupanda. Ungetazama hizo peke yake ungesema mtoto anapona. Lakini HCT ilitoka 36 ikafika 44: imeongezeka 8, na 8 kwa 36 ni asilimia 22. Tulimpeleka hospitali usiku huo, akakaa kwenye dripu siku mbili huku akipimwa HCT kila baada ya saa chache. Siku ya 7 HCT ilirudi 37 na njaa ikarudi kweli.

Kwa hiyo, mtu anayeuguzwa nyumbani kwa dengue arudie FBP kila siku kuanzia siku ya 3, hadi ipite siku nzima au mbili bila homa. Najua ni gharama. Kama fedha haitoshi kwa siku zote, pima mapema ili mjue kawaida yake, na nyingine iwekeni kwa ajili ya siku homa inaposhuka. Hizo mbili zina thamani kuliko tano zilizopimwa homa ikiwa juu. Na kila mara nenda na karatasi za nyuma. Daktari asiyeona ya jana anaanza upya.

Hatua ya 5: Wasiouguzwa nyumbani

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, mwenye sikoseli, kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, na yeyote anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za saratani: hawa waanze hospitali, hata wakionekana wazima. Ongeza hapo mtu anayeishi peke yake au mbali na kituo. Na aliyewahi kuugua dengue zamani awe macho zaidi, kwa sababu kirusi hiki kina aina 4, na maambukizi ya pili ya aina tofauti ndiyo mara nyingi huleta dengue kali.

Hatua ya 6: Kumuuguza nyumbani

Dawa ya homa na maumivu ni parasetamoli peke yake. Mtu mzima, vidonge 2 vya miligramu 500, si chini ya saa 6 toka dozi iliyopita, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo: wa kilo 12 anapata 120 hadi 180 kwa dozi, na kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Ukichanganya unazidisha bila kujua, na ini lenyewe tayari linasumbuliwa na kirusi.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziwe mbali. Hapa nasema kwa uchungu. Duka la dawa la mtaani likisikia "viungo vinauma" hutoa kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, na zahanati nyingine humpiga mgonjwa sindano ya maumivu kwenye tako. Dawa hizo huchokoza tumbo na kuzuia chembe sahani zilizobaki zisifanye kazi, na sindano ya msuli kwa mtu mwenye chembe sahani chache huacha damu ikivilia ndani. Sema wazi: "Tunashuku dengue, asipewe diklofenaki." Wengi wataelewa.

Antibiotiki haziui kirusi. Kushuka kwa chembe nyeupe kwa siku chache za dengue peke yake si sababu ya kumeza antibiotiki "ya kukinga".

Kunywa ndiyo tiba yenyewe. Mtu mzima apate glasi zaidi ya 5 kwa siku, na yasiwe maji matupu peke yake, maana anahitaji chumvi na sukari. ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, uji mwepesi, maji ya mchele, maziwa, madafu, supu, juisi ya embe au ya chungwa. Anayetapika anywe kijiko kimoja kimoja kila dakika chache. Nimeona lita nzima ikiingia kwa kijiko cha chai. Mwenye figo mbovu asifuate ushauri huu wa madafu, aulize daktari wake.

Rozela na bitiruti ziache kwanza. Watu huzitafuta "kuongeza damu", ila haziongezi chembe nyeupe wala chembe sahani, na zinaleta shida nyingine: mgonjwa akitapika chekundu hamtajua ni damu au ni juisi. Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, na choo cheusi ndiyo dalili tunayoitafuta. Kama ameshavitumia, mwambie daktari. Na kama bibi ameshasaga majani ya mpapai, yasichukue nafasi ya ORS, na yakimtapisha yaachwe.

Hesabu mkojo. Dada yangu aliandika kwa chaki mlangoni: mstari mmoja kila binti alipotoka chooni, na saa pembeni. Mtu anayekunywa vya kutosha hukojoa angalau kila saa 4 hadi 6. Ikipita saa 6 bila mstari mpya mlangoni, ni safari ya hospitali.

Alale ndani ya chandarua mchana pia. Mbu wa dengue, Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Akimuuma mgonjwa siku za homa, atakuja kuwapa wengine wa nyumba hiyo.

Hatua ya 7: Homa ikishuka, ongeza macho

Siku joto linaporudi chini ya 38 ndiyo siku ya kumkalia mgonjwa karibu. Kama anapona, hamu ya kula hurudi, anakaa, anaongea, anakojoa vizuri. Kama homa imeshuka na yeye amezidi kunyong'onyea, hiyo si nafuu.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, ukiona mojawapo ya haya: tumbo linauma sana au linauma likibonyezwa, anatapika mfululizo, damu puani, kwenye fizi, kwenye matapishi au choo cheusi, hedhi inayotoka nyingi isivyo kawaida, amelegea mno, au anahangaika hatulii, anahema kwa shida, mikono na miguu imekuwa ya baridi na ina jasho. Bonyeza ukucha wake hadi uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haifiki vizuri.

Kuhusu presha, kuna mtego. Mgonjwa anaweza kupimwa akakutwa na 100 kwa 85, akaambiwa presha nzuri. Toa: 100 kasoro 85 ni 15. Pengo hilo likiwa 20 au pungufu katika dengue, mwili umeshaanza kushindwa na unajitahidi kuficha. Usiondoke hapo kituoni. Omba daktari amwone mgonjwa.

Hospitalini tiba ni dripu, kwa kipimo na kwa kuangalia HCT. Wala usidai chupa zaidi. Maji yaliyovuja hurudi kwenye mishipa mgonjwa akianza kupona, na aliyejazwa kupita kiasi hushindwa kupumua wakati huo.

Pale chembe nyeupe chache zinapokuwa hatari zenyewe

Niliyosema juu yanahusu mtu aliyekuwa mzima kabla ya homa. Yapo makundi mengine. Anayepata dawa za saratani, hasa wiki moja hadi mbili baada ya dozi, akipata homa ya 38 na neutrofili zake ziko chini ya 0.5, hiyo ni dharura: anapaswa kupata antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, bila kusubiri majibu mengine. Anayetumia carbimazole kwa ajili ya tezi ya shingo, akipata homa na koo kuuma, asimeze dozi inayofuata na apimwe FBP siku hiyohiyo. Zidovudine na Septrin nazo hupunguza chembe nyeupe kwa baadhi ya watu wanaoishi na VVU. Hizo usiache mwenyewe, nenda kliniki yako.

Virusi navyo vina tabia tofauti. Katika Uviko-19, limfosaiti zilizoshuka sana mara nyingi zilikutwa kwa waliozidiwa, kwa hiyo huko namba ilikuwa ishara ya ukali. Surua hushambulia zile limfosaiti zenye kumbukumbu, na mtoto aliyepona hubaki rahisi kushikwa na magonjwa mengine kwa muda mrefu. Chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa kwenye uwanda wa Makonde miaka ya 1952 na 1953, hushusha limfosaiti lakini humwachia mtu maumivu ya viungo kuliko kuvuja kwa damu.

Hatua ya 8: Baada ya homa

Chembe nyeupe hurudi kwanza, siku chache baada ya homa kuisha. Chembe sahani hufuata nyuma. Vipele vinavyowasha mikononi na miguuni wakati huo ni kawaida, na uchovu unaweza kukaa wiki kadhaa. Mwanafunzi asikimbizwe mchakamchaka.

Rudia FBP baada ya wiki 2 hadi 4. Kama WBC bado iko chini na karatasi ya zamani inaonyesha ilikuwa juu, apimwe VVU, dawa anazotumia zipitiwe, na damu itazamwe kwenye darubini na mtu, isiachiwe mashine peke yake. Kama iko chini kama ilivyokuwa miaka yote, na mtu haugui ovyo, andika kwenye daftari lake: "kawaida yake ni hii", na tarehe.

Kisha geukia uani. Mbu huyu hataki mtaro mchafu, anataka maji yaliyotulia: pipa la akiba, tairi kuukuu, kopo la maua, kifuu cha nazi kilichojaa mvua. Mayai yake hugandamana na kuta za chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua ijayo. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Kila wiki, mwaga, sugua kuta za pipa kwa brashi ngumu hadi chini, halafu ndipo ujaze tena na kufunika.